JIKO LA MAKAA: TAZAMA NDANI, SI RANGI

Wahenga hawakupayuka waliponena ya kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Msomaji mpenzi, mimi niliyajua haya katika likizo ya Desemba, na aliyenifunza hakuwa mwalimu wala kitabu bali jiko la makaa.

Mama yangu hupika maharagwe na chapati kando ya steji, na karo yangu hutoka humo. Jiko lake la zamani lilipotoboka chini, alinipa shilingi 1,200 akaniambia, "Nenda sokoni uniletee jiko nzuri. Usikimbilie la kwanza. Uliza kwanza."

Basi nilifika sokoni nikaona jiko limepakwa rangi nyekundu, linang'aa kama matatu mpya. Bei? Shilingi 800. Sikuuliza swali hata moja. Macho yangu yalikuwa kwenye chenji ya mia nne! Kumbe asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wiki haikuisha kabla udongo haujapasuka, ukawa unacheza ndani ya bati kama jino bovu.

Jiko la zamani lilikuwa likila mkebe mmoja na nusu wa makaa kwa siku. Hili langu likala mikebe miwili na nusu. Haya, tupige hesabu pamoja. Kwetu mkebe ni shilingi 100. Mkebe mmoja wa ziada kila siku, kwa siku 30, ni shilingi 3,000. Nami nilijiona mjanja kwa kuokoa mia nne! Mama hakunigombeza. Jioni alihesabu pesa za makaa, akazihesabu tena, akanyamaza. Kimya kile kiliniuma kuliko kiboko, maana nilijua zile zilikuwa pesa za karo yangu.

Siku chache baadaye nilifunga safari hadi Shauri Moyo, hapa Nairobi, ambako nyundo za jua kali hazinyamazi. Nikamwendea mzee mmoja fundi, nikamwamkia, nikamweleza yaliyonipata. Alicheka kidogo kisha akasema, "Kijana wangu, wewe ulinunua rangi. Jiko hukununua." Akanikalisha kwenye kigoda akanifunza.

Jiko hili lenye kiuno chembamba na udongo ndani lilianza kutengenezwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, likabadilishwa lifae sufuria zetu na ugali wetu. Shirika la KENGO lilikuwa miongoni mwa waliowafunza mafundi wa jua kali kulitengeneza. Kabla yake watu wengi walitumia jiko la bati tupu, ambalo moto wake mwingi hupotelea ubavuni. Ukikaa karibu unaota wewe badala ya sufuria! Udongo huuzuia moto usitoroke. Ndiyo maana jiko zuri la udongo huweza kukuokolea theluthi moja ya makaa au hata zaidi.

Je, utalijuaje lililo zuri? Shika haya matano.

Kwanza, gonga udongo kwa kidole au kwa sarafu. Uliochomwa vizuri katika tanuri hulia kwa mlio mkali kama kikombe. Ukitoa sauti nzito ya kufifia, huenda una ufa au haukuiva. Pia pitisha kidole ndani ukitafuta nyufa, maana rangi huweza kuficha bati lakini udongo haudanganyi.

Pili, litikise. Kati ya udongo na bati huwa kuna saruji iliyochanganywa na kitu kinachozuia joto, kama vile vamikulaiti. Ukisikia kitu kinagongagonga, lirudishe chini uendelee na safari. Hapo ndipo langu lilipokosea: saruji ilipakwa juu tu, ndani mlikuwa na upenyo mtupu.

Tatu, fungua na kufunga kilango cha chini. Kilango ndicho usukani wa jiko. Ukikifungua, hewa huingia na moto huwaka kwa nguvu. Ukikifunga, maharagwe hutokota polepole na makaa hayaishi haraka. Kilango kisichofunga sawasawa ni mwizi wa makaa.

Nne, bonyeza bati kwa kidole gumba. Likibonyea kama mkebe wa maziwa, halitadumu. Angalia pia miguu na mishikio kama imefungwa imara, kwani jiko likipinduka na sufuria ya maji moto hakuna atakayecheka.

Tano, pima sufuria yako. Mafiga matatu ya juu yawe sawa ili sufuria isiyumbe. Tena usinunue jiko kubwa kwa ajili ya chai ya watu wawili. Jiko kubwa lina tumbo kubwa.

Ukishalileta nyumbani, anza na moto mdogo ili saruji ikauke taratibu. Wala usimwage maji kuzima makaa yakiwa bado jikoni, kwa sababu udongo wenye moto ukikutana na maji baridi hupasuka.

Jambo la mwisho si la pesa bali la uhai. Hata jiko bora kuliko yote hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Wenzangu, ule mtindo wa kuingiza jiko chumbani usiku wa baridi ya Julai, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, umeua watu wengi usingizini. Pikia nje au penye hewa, na kabla ya kulala jiko litoke nje. Tahadhari kabla ya hatari.

Nami nilifanya vibarua vya kuchota maji mtaani hadi nikapata shilingi 1,100, nikarudi kwa mzee yule. Safari hii niligonga, nikatikisa, nikafungua kilango, mpaka mzee akasema, "Sasa umekuwa mkaguzi!" Jiko nililonunua halina rangi yoyote, lakini Mama sasa hutumia mkebe mmoja tu kwa siku. Siku ya kufungua shule alinipa karo, ingawa haikutimia, akasema, "Inayobaki italetwa na jiko." Na kweli, kabla ya nusu muhula ililetwa.

Kwa haya machache naweka kalamu chini. Ukitumwa jiko, uliza kwanza!