Mgeni wa Wiki Mbili na Mtoto wa Kakamega

Shule na vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofungwa katikati ya mwaka, wageni vijana huonekana tena mjini Kakamega. Wako wanaopita tu kwenda msituni, kwenye kipande pekee kilichobaki nchini Kenya cha msitu wa mvua wa aina ya ule wa Kongo. Wengine wamekuja kwa ajili ya watoto. Wamelipia safari kupitia shirika la kujitolea, wamebeba kalamu na mipira, na wana wiki mbili au mwezi mmoja wa kufundisha Kiingereza na kucheza na watoto katika makao fulani. Nia yao ni njema. Linalopasa kuulizwa ni mtoto anabaki na nini wakishaondoka.

Magharibi mwa Kenya pamewajua watu wa mbali wanaokuja kutumika. Wamishonari wa Kanisa la Friends kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na Wakatoliki wa Mill Hill wakaingia Mumias muda mfupi baadaye. Hao walikaa miaka mingi na kujifunza lugha za wenyeji. Hata vijana wa Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani lililokuwa Kenya kuanzia 1964 hadi lilipoondoka 2014 kwa sababu za usalama, walikuwa wakifunzwa lugha kwanza, kisha kukaa miaka miwili, wengi wao wakifundisha hisabati na sayansi. Safari ya wiki mbili ni jambo la juzi.

Iliota mizizi wakati wa Ukimwi. Rais Daniel arap Moi alitangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, wakati makaburi ya wazazi vijana yalikuwa yakiongezeka vijijini. Makao ya watoto yakafunguliwa kila upande, mengi yakitegemea wahisani wa ng'ambo. Lakini uchunguzi katika nchi nyingi umeonyesha jambo ambalo wageni huwa hawaambiwi: wengi wa watoto wanaolelewa katika makao wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Waliobaki nao mara nyingi hawakosi kukhu (nyanya), senje (shangazi) au mjomba. Kilichowatoa nyumbani ni umaskini, yaani kukosa chakula na karo.

Tena makao yanayovutia wageni yanahitaji watoto wa kuonyesha. Hapo ndipo huruma inapogeuzwa kuwa biashara, na familia maskini hushawishiwa kumtoa mtoto kwa ahadi ya shule. Mwaka 2018 Australia ilitambua rasmi biashara hiyo kuwa sehemu ya utumwa wa kisasa.

Madhara mengine hayaonekani kwenye picha. Mtoto mdogo hukua kwa kumzoea mtu mmoja anayerudi kila siku. Nchini Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi katika vituo. Nusu yao walihamishiwa kwa familia za kambo, na baada ya muda akili zao zikakua vizuri kuliko za waliobaki. Sasa mfikirie mtoto anayemkumbatia mgeni mpya kila mwezi, kisha kumpungia mkono wa kwaheri. Wageni wengi huona kukumbatiwa mara moja na mtoto wasiyemjua kuwa dalili ya furaha, ilhali mara nyingi ni dalili ya kukosa mlezi wa kudumu.

Na kuna hatari iliyo wazi zaidi. Matthew Durham, kijana wa Oklahoma aliyejitolea katika makao ya watoto Nairobi, alihukumiwa kwao Marekani miaka 40 gerezani mwaka 2016 kwa kuwanajisi watoto. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Gregory Dow, aliyeendesha makao yake mwenyewe Bomet: miaka 15 na miezi 8. Wote wawili walipokelewa kama wafadhili.

Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017. Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa serikali wa malezi ya watoto wa 2022 hadi 2032 vinataka watoto warudi kwa jamaa, kwa walezi wa kambo, au chini ya kafala, utaratibu wa Kiislamu wa kumlea mtoto wa mwingine, ambao Waislamu wa Mumias wanaufahamu.

Kakamega yenyewe ina mfano wa kujivunia. Mpango wa Oparanya Care, ulioanza 2013 kwa msaada wa UNICEF, uliwapa akina mama wasiojiweza Sh2,000 mara sita, kwa sharti la kuhudhuria kliniki na kuwapeleka watoto wao wapate chanjo. Pesa ilifika mkononi mwa mama, na mtoto akabaki kwao. Linganisha na safari ya mgeni: nauli ya ndege ya kwenda na kurudi kutoka London hadi Nairobi mara nyingi huzidi Sh53,554, karo ya mwaka ambayo serikali iliweka kwa shule za kitaifa za bweni.

Mgeni mwenye ujuzi bado ana kazi. Mtaalamu wa tiba ya viungo anaweza kuwafunza wenzake hospitalini. Mwalimu wa watoto wasiosikia anaweza kukaa muhula mzima na walimu wa hapa. Ujuzi huo hubaki baada ya yeye kuondoka.

Basi wewe mwalimu mkuu, mchungaji au mwenye nyumba unayeombwa kumpokea mgeni, mdai cheti cha polisi cha kwao na kibali cha uhamiaji, kwa kuwa hata kazi isiyo na malipo inahitaji kibali. Ijulishe ofisi ya watoto ya kaunti ndogo. Usimwache peke yake na mtoto. Ukishuku lolote, piga 116. Simu hiyo haina malipo.