Uchumi ukishuka, ajira hushuka kiasi gani?

Mwaka 2009 pato la taifa la Ujerumani lilishuka kwa zaidi ya asilimia 5. La Hispania lilishuka kwa chini ya asilimia 4. Unadhani ni wapi watu wengi zaidi walipoteza kazi? Hispania, tena kwa mbali! Ukosefu wa ajira uliokuwa kama asilimia 8 mwaka 2007 ulifika karibu 18 mwaka 2009. Ujerumani haukusogea sana.

Uhusiano huu wanauchumi wanauita Kanuni ya Okun. Mwaka 1962 Mmarekani Arthur Okun aliona kwamba ukosefu wa ajira ukipanda kwa pointi 1, pato la Marekani hupungua kwa takriban asilimia 3. Makadirio ya baadaye yanakaribia 2. Mbona si moja kwa moja? Kwa sababu kabla ya kufukuza watu, mwajiri hupunguza kwanza saa za kazi. Na wapo wanaokata tamaa wakaacha kutafuta kazi, hivyo hawahesabiwi tena.

Sasa, namba hiyo hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Ujerumani, kampuni zilipunguza saa badala ya watu, na serikali ikafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Hispania, takriban theluthi moja ya waajiriwa walikuwa na mikataba ya muda, na ujenzi uliokuwa umebeba ajira nyingi ukaporomoka. Kumwondoa mtu wa mkataba ni rahisi: muda ukiisha, basi.

Vipi huku kwetu? Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, ukifanya kazi ya kujipatia kipato hata saa moja tu katika wiki ya utafiti, unahesabika una kazi. Sasa fikiria dereva wa bodaboda ambaye abiria wamepungua nusu. Bado ana kazi, ila mfukoni hali ni nyingine. Asiye na akiba wala bima ya ajira hawezi kukaa tu, atatafuta kibarua chochote. Ndiyo maana uchumi wetu unaweza kuyumba na takwimu ya ajira isitikisike.

Kwa hiyo ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba ukosefu wa ajira uko chini, usishangilie haraka. Uliza pia: wanafanya kazi saa ngapi, na wanapata kiasi gani?