Elimu Isiyokoma: Tabibu wa Ufipa na Urithi wa Damu

Mtu asimamaye Sumbawanga, mji ulioinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi ya Juni humlazimu kuvaa koti, aweza kudhani kwamba malaria na mambo yafuatanayo nayo ni mashaka ya watu wengine. Walakini uwanda wa Ufipa umepakana na mabonde mawili ya joto, Ziwa Tanganyika magharibi na Ziwa Rukwa mashariki, na wagonjwa wa Kirando, Kasanga, Muze na Mtowisa hupanda miinuko ile kuja kutafuta shifaa. Miongoni mwao wamo watoto wenye maradhi ya kurithi yaitwayo selimundu, au sikoseli kama wengi wasemavyo.

Uhusiano wa bonde na damu si dhana tupu. Anthony Allison, tabibu aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki, akachapisha mwaka 1954 hoja kwamba aliyerithi jeni moja ya selimundu hukingika kwa kiasi na malaria kali, ndiyo sababu jeni hiyo ikashamiri pwani na kandokando ya maziwa, ikawa haba nyanda za juu. Kinga hiyo ina gharama: wazazi wawili wenye jeni moja moja, wazima wote, kila mimba yao ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto aliyerithi mbili, naye ndiye mgonjwa. Yakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto kama 11,000 wa namna hiyo kila mwaka.

Ilimu hii yote ni changa. Adrian Atiman, mtumwa aliyekombolewa akasomea utabibu Malta, alifika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawatibu watu wa huko hadi alipofariki mwaka 1956. Alipofika, selimundu ilikuwa haijaandikwa katika kitabu chochote cha tiba ya Kizungu, kwani James Herrick wa Chicago aliieleza mara ya kwanza mwaka 1910. Alipofariki, Allison alikwisha kutoa hoja yake. Umri wa tabibu mmoja ulitosha kuzaa ilimu ambayo mwalimu wake hakuwa nayo.

Kwa kuwa ilimu hukua hivyo, mabaraza ya madaktari na ya wauguzi nchini huwataka watu wao wapate mafunzo endelevu ili leseni zihuishwe, nami naliunga mkono sharti hilo, ila naona semina ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Sumbawanga, aghalabu humfaa mkuu wa idara kuliko mkunga wa zahanati ya bondeni, ambaye ndiye amwonaye mtoto kwanza, vidole vimemvimba na macho yamegeuka manjano.

Na yapo ya kufundishwa. Kile kipimo cha kale, cha kuchanganya tone la damu na dawa na kutazama kwa hadubini chembe zikijikunja, hakimpambanui mbebaji mzima wa jeni moja na mgonjwa. Kwa kichanga, ambaye damu yake ingali imejaa himoglobini aliyotoka nayo tumboni, chaweza hata kusema hamna kitu. Mtoto aliyeongezewa damu majuma machache yaliyopita ana chembe za mtu mwingine mwilini, basi hata kipimo bora cha kutenganisha himoglobini kwa umeme chaweza kumtangaza mbebaji tu ilhali ni mgonjwa. Yapasa kungoja kiasi cha miezi mitatu.

Lililo gumu zaidi ni ulimi. Tuseme mtoto ni mgonjwa, mama ni mbebaji, baba amepimwa akaonekana hana jeni. Neno moja la papara mbele ya jamaa laweza kuvunja ndoa isiyo na hatia. Tabibu aliyefunzwa hupima tena, maana chupa za damu hubadilishana majina. Hukumbuka thalasemia, jeni nyingine ambayo kwa baba haionekani katika kipimo cha kawaida, nayo ikikutana na ya selimundu kutoka kwa mama huleta mtoto mwenye ugonjwa wa sura ileile. Na jibu la kila mzazi humpa mwenyewe, faraghani. Mtoto naye huanzishwa penisilini siku hiyohiyo, bila kungoja wakubwa wamalize maneno yao.