Kupanda mikoko vijana huitwa, kupanga bajeti je?

Tarehe 26 Julai kila mwaka ni siku ya mikoko duniani, na hapa Pwani haipiti hivi hivi. Vijana hupakiwa kwenye matatu, huvalishwa fulana, hupewa miche na kuingia nayo topeni. Waheshimiwa hufika, hotuba hutolewa, picha hupigwa. Kazi yenyewe ni njema na mikoko inahitajika. Lakini wiki tano baadaye, tarehe 1 Septemba, kila serikali ya kaunti hutakiwa kisheria iwe imewasilisha kwa bunge lake Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, yaani waraka unaotaja miradi itakayotafutiwa fedha katika mwaka wa fedha unaofuata. Maoni ya wananchi kuhusu waraka huo hukusanywa kabla ya siku hiyo. Huko ndiko huamuliwa kama kutakuwa na fedha za kitalu cha miche, za kisima kilichoingia maji ya chumvi au za kuokoa ufuo unaoliwa na bahari. Na huko vijana wale wale wa fulana hawaonekani. Wengi hata hawajui kikao kilikuwepo.

Makala haya yanaeleza maamuzi kuhusu tabianchi hufanyika wapi hasa, lini, na kijana wa Msambweni au Kipini anaweza kuingilia mlango upi.

Tuanze na kauli inayosikika sana maofisini, kwamba vijana hawana haja na sera, haja yao ni posho. Mwaka 2024 uliijibu kauli hiyo. Ndani ya Mswada wa Fedha wa mwaka ule kulikuwa na ushuru wa mazingira, uliolenga bidhaa kama vifaa vya elektroniki na vifungashio vya plastiki, kwa hoja kwamba taka zake ni mzigo kwa nchi. Hiyo ni sera ya mazingira, tena kavu, iliyoandikwa kwa lugha ya mawakili. Vijana waliisoma. Waliifafanua kwa video fupi, wakaitafsiri kwa Kiswahili na lugha nyingine, wakapigiana hesabu ya vitu vitakavyopanda bei. Tarehe 25 Juni walikuwa barabarani, Mombasa ikiwemo, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo.

Watu walipoteza maisha katika maandamano yale, kwa hivyo si jambo la kusimulia kwa wepesi. Ila kuna mawili ya kuyaangalia. Kwanza, waraka ulipowafikia mikononi, kwa lugha wanayoielewa, na ukagusa mfuko wao, waliusoma hadi vifungu vya ndani. Pili, sauti yao ilisikika baada ya bunge kuupitisha mswada, wakati mlango uliobaki ulikuwa ni barabara. Kushirikisha watu mapema kuna gharama zake za nauli na chai. Kuwashirikisha wakiwa wamechelewa kuna gharama kubwa zaidi, na wanaozilipa mara nyingi ni wao.

Kisheria hakuna ubishi. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inauweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 55 kinaitaka serikali ichukue hatua ili vijana wawakilishwe na washiriki katika mambo ya siasa, jamii na uchumi, na cha 69 kinaitaka ihimize umma kushiriki katika kutunza mazingira. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 nayo inazitaka serikali zote mbili, ya kitaifa na za kaunti, kuwashirikisha wananchi zinapotunga mikakati na sera. Ukichukua sensa ya 2019, iliyoonyesha kwamba Wakenya watatu katika kila wanne wana umri wa chini ya miaka 35, basi kikao cha umma kisicho na vijana hakijashirikisha umma.

Mlango wa karibu zaidi uko kwenye wadi. Kuna mpango unaojulikana kama FLLoCA, unaosimamiwa na Wizara ya Fedha kwa ufadhili wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ambao ulizipa kaunti masharti kabla ya kupata fedha za tabianchi. Kaunti itunge sheria yake ya tabianchi, iwe na hazina maalumu, iunde kamati za tabianchi katika wadi, na ifanye tathmini ya hatari pamoja na wananchi wenyewe. Kamati ya wadi ndiyo inayotakiwa kusema: huku kwetu shida ni mafuriko, kule ni ukame, na mradi utakaotufaa ni huu. Kwa kawaida kuna nafasi ya vijana katika kamati hiyo, kama ilivyo kwa wanawake na watu wenye ulemavu.

Hapo nina neno. Katiba inamhesabu kijana kuwa ni mtu wa miaka 18 hadi kabla ya kutimiza 35. Kwa hivyo kiti cha vijana kinaweza kukaliwa, kihalali kabisa, na mtu wa miaka 34 mwenye duka, watoto wanne na ujamaa wa karibu na mwakilishi wadi. Simlaumu, labda ni mtu hodari. Lakini mwakilishi ambaye hakuna maskani hata moja inayomjua anamwakilisha nani? Kiti kimoja kina maana pale tu anayekikalia amechaguliwa na vijana wenzake mbele ya watu, na analazimika kurudi kuwaambia kilichosemwa kikaoni. Pasipo hilo la pili, uwakilishi unabaki kuwa jina kwenye orodha ya waliohudhuria.

Mlango wa pili ni kalenda ya bajeti, na huu ndio unaowapita wengi. Baada ya ule mpango wa Septemba, serikali ya kaunti huwasilisha Waraka wa Mkakati wa Fedha kufikia tarehe 28 Februari. Humo ndimo kila idara huwekewa kikomo cha fedha inazoweza kutumia. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na bunge hutakiwa liwe limemaliza kazi kabla ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni. Kikao cha Mei ndicho hujaa watu, kwa sababu ndicho hutangazwa zaidi. Lakini kufikia Mei chungu kimeshatiwa chumvi: vikomo viliwekwa Februari na orodha ya miradi ilianzia Septemba. Anayekuja Mei na wazo jipya husikilizwa kwa heshima, likaandikwa, na likaishia kwenye daftari.

Sasa tuulize kwa nini vijana hawafiki vikao vya mapema. Tangazo hutoka gazetini kwa Kiingereza, au kwenye tovuti ambayo hakuna anayeifungua, siku chache kabla. Waraka wenyewe una mamia ya kurasa. Kikao huwekwa siku ya kazi saa tatu asubuhi, katika ukumbi ulio mbali na vijiji. Saa tatu asubuhi mwenye bodaboda anatafuta fedha ya kumpelekea mwenye pikipiki. Mvuvi aliyetoka usiku analala au anauza samaki. Na mwenye kwenda miambani kutafuta pweza hafuati saa ya ofisi, anafuata maji: wakati wa bamvua, bahari inapokupwa sana, hakuna kikao kitakachomtoa mwambani, maana hizo ndizo siku zake za riziki. Ukimwita wakati wa maji mafu atakuja. Jambo dogo kama kuangalia mwezi kabla ya kupanga tarehe lingeongeza watu kuliko mabango kumi, na kila mzee wa kijiji cha pwani angeweza kumwambia afisa mpangaji tarehe hizo bila malipo.

Kaunti ikiwa na nia, mengine pia hayahitaji fedha nyingi. Waraka ufupishwe kwa Kiswahili chepesi, kurasa mbili za kila wadi, utumwe kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana, ya waendesha bodaboda na ya timu za mpira. Afisa aende maskani jioni, au kwenye banda la kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, boti zikiwa zimerudi. Na baada ya bajeti kupita arudi aseme: mlipendekeza mambo matano, mawili yameingia, matatu hayakuingia kwa sababu hii na hii. Hilo la kurudi ndilo hukosekana kabisa. Kijana aliyetoa maoni mara mbili bila kujua yaliishia wapi, mara ya tatu haji, na hapo ndipo anapoambiwa hajali.

Wanaodhani vikao hivi ni mapambo waikumbuke Lamu. Mradi wa kuzalisha umeme wa megawati 1,050 kwa makaa ya mawe ulipewa leseni ya mazingira na NEMA mwaka 2016. Wakazi, wazee kwa vijana, wakiongozwa na Save Lamu, walikwenda kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 mahakama hiyo ikaifuta leseni. Miongoni mwa sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya mapema ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, na wenyeji hawakupewa nafasi ya kuijadili ripoti ya athari ikiwa mikononi mwao. Mradi wa mabilioni ulikwama kwa ajili ya namna mikutano ilivyoendeshwa. Kumbuka pia muda: anayepinga leseni ya NEMA ana siku 60 za kukata rufaa. Asiyejua leseni imetolewa lini, siku zake zinakwisha akiwa amekaa.

Gazi, kaunti ya Kwale, kuna somo la aina nyingine. Tangu 2013 wakazi wa Gazi na Makongeni, kupitia Mikoko Pamoja, wanalinda msitu wa mikoko wa hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo. Mapato yamesaidia maji na shule za vijiji hivyo. Vanga, Jimbo na Kiwegu walifuata na mradi wao. Miradi ya namna hii hufungwa kwa miaka mingi, na ule wa Gazi ulipangiwa miaka 20. Mtoto aliyezaliwa Gazi mwaka ulioanza mradi atakuwa kijana wa miaka 20 muda huo utakapofika, na ni rika lake litakaloulizwa kama liendelee au liache. Je, limeshaonyeshwa hesabu?

Swali hilo lina uzito zaidi tangu 2023, sheria ya tabianchi ilipofanyiwa marekebisho ili kusimamia biashara ya kaboni. Sasa miradi ya ardhi inayotekelezwa kwenye ardhi ya umma au ya jamii lazima iwe na mkataba wa maendeleo na jamii husika, na jamii itengewe angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya gharama za uendeshaji. Hilo neno "gharama" ndilo la kuangaliwa kwa macho mawili. Asilimia 40 ya kilichobaki inaweza kuwa nyingi au kidogo, kutegemea nani aliandika orodha ya gharama na nani aliikagua. Vijana waliosoma uhasibu wapo tele vijijini bila kazi. Waitwe kusoma mkataba kabla wazee hawajapiga dole gumba.

Kijana ambaye hajaitwa popote bado ana njia. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu kila raia kuandikia ofisi ya umma akitaka taarifa, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Barua inaweza kuwa kwa Kiswahili, na hahitajiki kueleza anaitakia nini. Mtu yeyote pia ana haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Maoni ya maandishi yaliyopokelewa na kugongwa muhuri yana nguvu kuliko hotuba kikaoni, kwa sababu karani hawezi kusema hayakuletwa. Barua moja iliyotiwa sahihi na kikundi cha vijana, ikataja mradi mmoja, mahali ulipo na makadirio ya gharama yake, husomwa kwa makini kuliko malalamiko ya kurasa kumi kuhusu dunia kupata joto.

Wakati wa kuanza unakaribia kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2027 mipango mitatu mikubwa inafikia mwisho pamoja: mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko wa 2017 hadi 2027, mpango wa taifa wa utekelezaji kuhusu tabianchi wa 2023 hadi 2027, na mipango ya miaka mitano ya kaunti, ile tunayoiita CIDP. Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, zaidi ya nusu zikiwa Lamu. Mpango mpya wa kuzisimamia utakuwa unaandikwa wakati ambapo masikio ya wanasiasa yamejaa kampeni, maana uchaguzi ni tarehe 10 Agosti mwaka huo huo. Na Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hausubiri wageni wazoee viti, tarehe yake ni 1 Septemba, wiki tatu baada ya kura.

Kwa hivyo vikundi vya vijana vina maswali mawili ya kupeleka ofisi ya msimamizi wa wadi mapema, pengine wiki hii: nani anakalia kiti cha vijana kwenye kamati ya tabianchi, na kikao chake kijacho ni lini. Muombeni majibu kwa maandishi.