Mtoto wa Mbwa Aliyelegea Asubuhi: Huenda Sukari Imemwishia

Huenda nyumbani kwako kuna mbwa. Usiku analinda zizi, fisi asiingie. Mchana anafukuza nyani na ngedere, wasimalize mahindi shambani. Mbwa wa namna hiyo hukuzwa tangu mdogo. Lakini watoto wengi wa mbwa hawafiki huko. Jike anazaa watoto 6 au 8. Baada ya mwezi mmoja unakuta wamebaki 3. Ukiuliza wengine wako wapi, unajibiwa: "Walikufa tu." Mwingine atakuambia ni jirani aliyewawekea sumu. Mwingine atasema wamerogwa.

Mwezi huu tuzungumze juu ya sababu moja ya vifo hivyo. Sababu hiyo ni kupungukiwa sukari katika damu. Hali hii huua mtoto wa mbwa kwa muda mfupi. Anaweza kucheza vizuri jioni, na asubuhi ukamkuta amelegea kama kitambaa. Hata hivyo, ukiitambua mapema, dawa ya kwanza unayo jikoni kwako.

SUKARI YA DAMU NI NINI?

Usidhani nasema sukari ya chai tu. Kila mnyama ana sukari katika damu yake, hata kama hajalamba sukari maisha yake yote. Mwili huitengeneza kutoka katika chakula anachokula: maziwa, ugali, nyama. Damu huisambaza mwili mzima. Misuli huitumia ili itembee. Ubongo huitumia kila dakika, mchana na usiku, na wenyewe karibu hauna akiba. Kwa hiyo sukari ikipungua, ubongo ndio huyumba kwanza.

Mbwa mkubwa mwenye afya ana ghala. Ghala hilo ni ini lake. Akikosa chakula siku nzima, ini hutoa akiba kidogo kidogo, na sukari ya damu haishuki sana. Mtoto wa mbwa hana ghala. Ini lake ni dogo, misuli yake ni midogo, mafuta karibu hana. Akiba yake ni kibaba tu. Mtoto mchanga akikosa kunyonya kwa saa chache, kibaba kimekwisha. Hata mtoto wa miezi 2 au 3 aliyekonda hawezi kufunga kutwa kama mama yake.

Daktari wa mifugo huweza kupima sukari hiyo kwa tone moja la damu na mashine ndogo. Kwa mbwa mzima mwenye afya mashine huonyesha kati ya 4 na 6 hivi. Ikishuka chini ya 3, mara nyingi dalili zimekwisha kuanza. Lakini wewe huna mashine. Wewe una macho na mikono.

MTAZAME ASUBUHI

Mtoto ambaye sukari inamwishia huachana na wenzake. Wenzake wananyonya au wanagombania uji, yeye amelala pembeni. Ukimwita hageuki. Ukimsimamisha anayumba kama mlevi, au miguu ya nyuma inamlegea. Anatetemeka. Mtoto mchanga hulia kwa sauti nyembamba bila kukoma, kisha hunyamaza. Usifurahie kunyamaza huko. Hakushiba. Nguvu ya kulia imemwishia.

Mwingize kidole kisafi mdomoni. Mtoto mchanga mwenye afya atakinyonya kwa nguvu. Aliyepungukiwa hatakinyonya, na mara nyingi utasikia mdomo wake ni wa baridi. Funua mdomo utazame fizi. Badala ya kuwa na rangi ya waridi utaona zimepauka. Hali ikizidi anapatwa na degedege: anajinyoosha, anapiga miguu kama anayekimbia, anatoa mate. Baadaye anazimia kabisa.

Hapo hakuna muda wa kungoja mpaka jioni.

UFANYE NINI?

Chukua glukosi ya dukani kama unayo. Ikiwa huna, chukua asali. Ikiwa huna asali, koroga sukari ya kawaida na maji kidogo mpaka iwe nzito. Glukosi na asali ni bora zaidi. Lakini usikimbie kutafuta asali kijiji cha tatu wakati sukari iko kabatini.

Paka kidogo tu, kama tone kubwa, kwenye fizi na upande wa ndani wa shavu. Sugua taratibu. Kisha subiri, halafu paka tena. Nasema paka, sisemi mnyweshe. Mtoto aliyezimia au mwenye degedege hawezi kumeza. Ukimmiminia kitu mdomoni kitaingia kwenye mapafu, na utamuua kwa dawa ileile uliyotaka kumponya nayo. Maziwa, chai, mafuta, maji ya majani, vyote hivyo usimpe mpaka awe ameamka na anameza.

Wakati huohuo mpashe joto. Mtoto mchanga katika siku zake za kwanza hawezi hata kutetemeka ili apate joto. Mweke kifuani kwako ndani ya shati, au mama amfunge kifuani kwa kanga. Au tia maji ya moto kwenye chupa, izungushie kitambaa, uilaze karibu naye. Chupa isimguse bila kitambaa, maana ngozi yake huungua upesi. Usimweke kando ya moto jikoni. Joto liingie polepole, kwa saa moja au mbili. Na usimpe maziwa akiwa bado wa baridi. Tumbo la baridi halisagi chakula. Maziwa yatabaki humo na kuharibika.

Kama tatizo ni sukari peke yake, mara nyingi utaona mabadiliko baada ya dakika 5 mpaka 15. Atainua kichwa. Ataanza kulamba. Watu wengi wakiona hivyo hushangilia na kwenda zao shambani. Wakirudi wanakuta amekufa. Sukari uliyompaka ni ya muda mfupi sana. Ni lazima ifuatwe na chakula. Akishameza vizuri, mpe maji ya sukari ya uvuguvugu: kijiko 1 cha chai cha sukari katika vijiko 10 vya chai vya maji, matone machache kwa mara moja. Akipata joto na nguvu, mrudishe kwa mama anyonye. Mkubwa kidogo mpe uji laini wenye maziwa. Baada ya saa 2 mtazame tena, umlishe tena.

Asipoamka baada ya robo saa, paka tena sukari huku unampeleka kwa daktari wa mifugo. Yeye anaweza kumtia glukosi kwenye mshipa.

Dawa hii si ngeni. Mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walitoa kwenye kongosho la mbwa ile dawa ya kisukari iitwayo insulini. Mwenzao James Collip aliijaribu kwa sungura. Sungura waliopewa nyingi sukari yao ilishuka mno, wakapatwa na degedege. Walipopewa glukosi waliinuka. Watoto wetu wa mbwa huinuka kwa njia hiyohiyo.

JE, NI KICHAA CHA MBWA?

Hapa nataka usome polepole. Vijijini mbwa akionekana anatetemeka, anayumba na kutoa mate, kelele moja hupigwa: "Kichaa!" Fimbo na mawe hufuata. Watoto wa mbwa wengi wamepigwa mpaka kufa kumbe walikuwa na njaa. Jambo hilo linaniudhi. Lakini hofu ya watu si ya bure. Kichaa cha mbwa kipo, kinaua watu, na mtoto wa mbwa naye anaweza kukipata.

Basi jiulize kwanza. Mama yake au yeye aliumwa na mbwa mgeni au mnyama wa porini katika miezi iliyopita? Mama amekufa kwa ugonjwa usioeleweka? Huyu mtoto amebadilika tabia, anauma hata miti, hawezi kumeza, sauti imebadilika? Jibu likiwa ndiyo, au kama hujui alikotoka, usimguse. Usitie kidole mdomoni mwake. Mfungie chumbani au mfunike na tenga zito, kisha mwite bwana mifugo. Mtu aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Asingoje kuona mbwa atakuwaje.

Ni tofauti na mtoto wa wiki 3 aliyezaliwa uani kwako, ambaye hajatoka, na mama yake mzima na amechanjwa. Huyo akilegea asubuhi ya baridi, fikiria tumbo lake kwanza. Hata hivyo, akiwa kwenye degedege tumia kijiti kilichoviringishwa kitambaa kupakia sukari. Meno ya mtoto wa mbwa ni madogo lakini ni makali.

KWA NINI SUKARI IMEMWISHIA?

Ukimwamsha leo bila kuondoa sababu, kesho atalegea tena. Chanzo kikubwa ninachokiona ni minyoo. Watoto wa mbwa huzaliwa nayo. Mingine hupita kutoka kwa mama wakiwa bado tumboni, mingine hupita katika maziwa. Utaona tumbo limevimba kama ngoma na mbavu zinahesabika. Chakula kinaliwa na wageni. Anza kuwapa dawa ya minyoo wakiwa na wiki 2, urudie kila baada ya wiki 2 mpaka wafike wiki 8, na mama naye apewe. Dawa hupimwa kwa uzito. Uliza kipimo kwa bwana mifugo, usikisie. Minyoo hiyo huweza kuwadhuru watoto wako pia, kwa hiyo mavi ya mbwa yafukiwe.

Baridi ni ya pili. Sisi wa nyanda za juu, kama Njombe na Makete, tunaijua baridi ya Juni na Julai. Jike akizalia kwenye sakafu ya udongo mtupu, watoto wanatumia chakula chote kujipasha joto. Tandika nyasi kavu au gunia, uzibe upepo.

Mara nyingine maziwa hayatoshi. Jike anayenyonyesha watoto 8 kwa makoko ya ugali atatoa wapi maziwa? Mwongezee uji wa dona, dagaa, damu iliyochemshwa, na maji safi wakati wote. Mtazame pia yule mtoto mdogo kuliko wote. Wenzake humsukuma kila siku. Mshikilie kwenye chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi, mpaka ashibe.

Mama akifa, maziwa ya ng'ombe peke yake hayatoshi. Maziwa ya mbwa yana mafuta na utomvu wa kujenga mwili mara mbili hivi kuliko ya ng'ombe. Changanya kikombe cha maziwa yasiyoongezwa maji na kiini cha yai 1. Walishe kila baada ya saa 2 au 3, hata usiku, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mtoto alale kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama. Usimlaze chali kama mtoto wa mtu, atapaliwa. Kisha mpanguse chini ya mkia kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, maana bila hivyo mchanga hawezi kukojoa.

Kuhara nako humaliza sukari, hasa kuhara damu kwa ugonjwa wa pavo. Huko usijitibu mwenyewe. Kupe wengi pia huleta homa, na homa hiyo ikizidi sukari hushuka.

MBWA WAKUBWA

Mbwa mkubwa hapatwi mara nyingi. Anaweza kupatwa akifukuza nyani kutwa bila kula tangu jana, hasa akiwa amekonda. Mpe chakula kidogo asubuhi na kingine mchana. Mzee anayeanguka mara kwa mara hata akiwa ameshiba apelekwe kwa daktari, huenda kongosho lina uvimbe. Na jike anayenyonyesha akianza kutetemeka na kukakamaa, mara nyingi si sukari. Ni chokaa ya mwilini iliyoishia kwenye maziwa. Sukari haitamponya. Anahitaji sindano ya daktari, na upesi.

UKIMNUNUA MBALI

Watoto wengi wa mbwa hufa siku mbili za kwanza baada ya kuhamishwa. Mtu amemnunua mnadani, amemtia kwenye kikapu, amepanda basi saa 12 asubuhi na kufika saa 2 usiku. Kutwa nzima mtoto hajala, ameogopa, amepigwa na upepo. Akifika amechoka, anaachwa alale. Asubuhi ni maiti.

Usimchukue kabla hajatimiza wiki 8. Muulize mwenye mbwa anakula nini, ukampe hichohicho kwa siku za kwanza. Mlishe kabla ya safari, lakini asivimbiwe. Mweke kwenye boksi lenye matundu na kipande cha kitenge kuukuu. Beba chupa ndogo ya maji ya sukari na uji kidogo. Kila baada ya saa 3, basi likisimama, mlambishe. Ukifika nyumbani, usiwaruhusu watoto kumchezea mpaka ale. Mlishe tena kabla hujalala, na alfajiri kabla hujawasha moto wa chai nenda ukamtazame. Tangu hapo mpe chakula mara 4 kwa siku mpaka afikishe miezi 3 au 4.