Kifaa Kinachodumu Kuliko Kufuli Yake

Kituo cha umeme cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira karibu na Likasi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kilianza kazi mwaka 1930. Kilikarabatiwa na kurudishwa kwenye gridi mwaka 2021, mashine zake sita zikitoa megawati 78. Watu wa Likasi tunaijua hali hiyo: mtambo wa umeme au wa mgodi ukishasimikwa, hukaa miaka mingi. Kihisi kinachowekwa leo kwenye pampu ya kiwanda, kikituma vipimo kwa mtandao wa simu, huenda bado kitakuwa pale mwaka 2040.

Hapo ndipo kompyuta za kwantamu zinapotuhusu. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya aina hiyo, ikiwa kubwa na imara vya kutosha, itachambua namba kubwa katika vigawo vyake kwa muda mfupi. Usalama wa mbinu ya usimbaji ya RSA unategemea ugumu wa hesabu hiyo. Kompyuta hiyo haijajengwa bado, lakini kihisi chetu kitaisubiri.

Wengi huhofia siri zao kusomwa. Kwa vifaa vidogo, mimi nahofia zaidi sahihi ya kidijitali, ambayo nayo hutegemea ugumu wa hesabu za aina hiyo. Mtengenezaji anapotuma programu mpya, kifaa hukagua sahihi yake kwanza, kisha huipokea. Atakayeweza kuighushi hana haja ya kusoma siri ya mtu: ataiamuru pampu isimame, nayo itasimama.

Dawa imeshaanza kupatikana. Agosti 2024 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji unaohimili kompyuta ya kwantamu: ML-KEM ya kupatana funguo, ML-DSA na SLH-DSA za sahihi. Shida ni ukubwa. Sahihi ya ECDSA inayotumika sana sasa ina baiti 64. Ile ndogo kabisa ya ML-DSA ina baiti 2,420. Simu haitaona tofauti. Kihisi cha betri, chenye kumbukumbu finyu na redio dhaifu, kitaelemewa.

Kubadilisha funguo za vifaa vilivyokwisha kusambazwa kunawezekana, na Afrika Mashariki imeliona hilo. Mita za umeme za malipo ya kabla, za kiwango cha STS, zilihesabu dakika tangu 1993, na hesabu ikajaa tarehe 24 Novemba 2024. Tatizo hilo halikutokana na kwantamu. Lakini nchini Kenya, Uganda na Tanzania wateja waliingiza tokeni za ziada za tarakimu 20, mita nyingi zikapokea funguo mpya bila fundi kufungua hata skrubu moja, kwa sababu waliozibuni walikuwa wameacha mlango huo tangu mwanzo.

Kwa hiyo anayenunua vihisi au mita sasa amuulize muuzaji, tena jibu liandikwe kwenye mkataba: mbinu ya kukagua sahihi inabadilishwa kwa mbali? Kumbukumbu iliyobaki inatosha? Vifaa vya zamani visivyoweza kubadilika viondolewe kwenye intaneti ya wazi na kuwekwa nyuma ya kompyuta ndogo ya lango, ambayo yenyewe ndiyo itabeba usimbaji mpya.