Setilaiti, Ramani na Hatima ya Nyika za Hanang na Mbulu

Wilaya za Hanang na Mbulu mkoani Manyara, zinazojumuisha kata ya Dirma, zina mazingira ya namna nyingi yaliyo karibu karibu: msitu wa Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ziwa la magadi la Balangida, nyika za migunga na mibuyu katika bonde la Yaeda, pamoja na malisho na mashamba ya Wairaqw na Wadatoga. Bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai na makazi yao, hudhoofika pale makazi hayo yanapokatwa vipande vipande, na mkato huo huonekana vyema kutoka juu.

Kuhisi kwa mbali ni kukusanya taarifa za ardhi bila kuigusa, kwa kupima mwanga unaorudishwa na vitu vilivyo juu yake. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, lakini hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, hivyo tofauti ya vipimo hivyo viwili hueleza wingi wa uoto. Setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa zikipiga picha tangu mwaka 1972, na tangu 2008 picha hizo hutolewa bure. Nazo Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, huonyesha vipande vya ardhi vyenye ukubwa wa mita 10 kwa 10.

Hata hivyo, picha haijitafsiri. Migunga na mibuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kwa hiyo anayelinganisha picha ya masika na ya kiangazi anaweza kudhani kuwa miti imefyekwa ilhali imepumzika tu. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha picha za msimu mmoja wa miaka tofauti, kisha huzihakiki ardhini pamoja na wafugaji, warina asali na wazee wanaozijua njia za wanyama na vyanzo vya maji.

Bonde la Yaeda limeonyesha faida ya kuunganisha maarifa hayo na sheria. Mwaka 2011 Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya matunda, mizizi na asali, walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi yao kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, na baadaye, kupitia mradi wa Carbon Tanzania, vijiji vilianza kulipwa kwa kuzuia ukataji wa miti, huku walinzi wa jamii wakifanya doria na setilaiti zikipima hali ya misitu.

Umuhimu wa mipaka iliyoandikwa haukuanza leo. Mwaka 1985, katika mgogoro wa mashamba ya ngano ya Hanang, Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi wa kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO, shirika la umma lililoendesha mashamba hayo, ikiona kuwa kijiji hakikuthibitisha kumilikishwa ardhi hiyo.

Kwa hiyo, halmashauri na vijiji vya Dirma na jirani zake havina budi kutumia picha hizi kuandaa mipango ya matumizi ya ardhi inayotambua malisho, mapito ya wanyama na misitu, na wafugaji washirikishwe kabla mstari wowote haujachorwa, kwa sababu ramani iliyochorwa bila wenye ardhi hailindi ardhi hiyo wala viumbe wake.